Nchi Iliyokuwa Nyuma ya Fremu

Fundi Asheri Sichone aliingia katika chumba cha waongoza mvua amekumbatia skrini ndefu kama mlango, akitembea kiubavuubavu asije akagonga meza za watu. Lusungu Mwaipaja alimwona akimjia, akasogeza kikombe chake cha chai, na moyoni akawa anasema kwamba leo kazi haitafanyika.

Lusungu ndiye aliyekuwa mwongoza mvua wa siku nyingi kuliko wote pale kituoni Mbeya. Mezani pake palikuwa na skrini mbili zilizokaa bega kwa bega. Ya kushoto ilionyesha bonde la Rukwa, ya kulia bonde la Usangu. Wingu likitokea, yeye alishika usukani mdogo uliokuwa chini ya mkono wake, akavisogeza vishada, vile vyombo vyepesi vya mabawa vinavyoelea juu vikilipasha wingu joto upande huu na kulipoza upande ule, na wingu likafuata kama ng'ombe anayefuata chumvi. Likienda kushoto, Rukwa inakunywa. Likienda kulia, Usangu inakunywa. Tangu mvua ilipoacha kunyesha kwa hiari yake, kila bonde lilikuwa na mkataba, na kila tone lilikuwa na mwenyewe.

Habari ya skrini alikuwa ameipata jana yake kwa Bi Nshoma, mkuu wa kituo, aliyeieleza kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Meza zote zingebadilishwa vifaa. Walikuwa na hiari ya kuchukua skrini moja kubwa kwa kila mtu, au mbili mpya za ukubwa kama wa hizi za zamani. Lusungu aijaribu ile kubwa wiki hii, na Ijumaa aseme ipi inafaa. Atakalosema yeye ndilo litakalofuatwa. Lusungu alikubali huku akicheka kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa akingoja siku atakayoulizwa jambo la maana, na sasa ameulizwa hili.

Ila kila mtu alikuwa na neno lake. Nyamizi wa meza ya jirani alisema shingo yake imekwisha kwa kugeuka huku na huku, kwa hiyo aletewe moja tu aitazame kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba yake. Mwingine akasema hapana, mbili zina usalama. Moja ikizima unabaki na mwenzake. Asheri, aliyekuwa amepiga magoti chini ya meza akichomeka nyaya, alisema kwamba ukubwa si kitu, kazi yenyewe ndiyo huchagua. Mwenye mambo mawili yasiyohusiana anahitaji skrini mbili, kila jambo likae chumbani kwake. Mwenye jambo moja pana anahitaji moja, asije akalikata katikati.

"Sasa kazi yako wewe, dada Lusungu," akauliza kutoka chini, "ni jambo moja au ni mawili?"

Lusungu akazitazama skrini zake mbili, moja baada ya nyingine.

Asheri akainuka, akapangusa magoti, akaiwasha skrini.

Kwanza Lusungu alipata kizunguzungu. Macho yake yalikuwa yamezoea kuta mbili na mpaka mweusi katikati, na sasa yalikuwa yamemwagwa kwenye uwanja mmoja. Aliitafuta Rukwa akaikuta, akaitafuta Usangu akaikuta. Lakini katikati, pale ambapo siku zote palikuwa na fremu nyeusi ya upana wa kidole, palikuwa na nchi. Kulikuwa na migongo ya milima, njia nyembamba, mapaa ya nyumba, na viwanja vyeupevyeupe kama vitambaa vilivyoanikwa.

"Hii imetoka wapi?" akauliza. "Hiyo skrini yako ni mbovu."

Asheri alitazama kwa muda, kisha akasema skrini ni nzima. Akamweleza kwamba skrini mbili zikiwekwa pamoja, picha inayopita kutoka moja kwenda nyingine huonekana imevunjika, barabara iliyonyooka ikawa kama imeteguka, kwa sababu fremu imeingia katikati. Waliotengeneza programu wakafanya ujanja. Kipande cha picha kinachoangukia kwenye fremu kilihesabiwa kuwa kipo nyuma yake, kama unavyotazama nje kupitia dirisha lenye nguzo. Kwa njia hiyo barabara inabaki imenyooka.

"Na kilicho nyuma ya nguzo?"

"Kipo. Hukioni tu."

Kidole kimoja cha fremu, kwa ramani ya ukubwa ule, kilikuwa milima mizima. Lusungu aliketi. Kanuni ya kwanza aliyofundishwa alipoanza kazi, na ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha wengine wote mle chumbani, ilikuwa hii: wingu lisiachwe liingie kwenye fremu, maana likiingia limepotea. Likikaribia katikati, lisukume upesi kushoto au kulia. Alikuwa amesukuma hivyo miaka yake yote, na alisifiwa kwa wepesi wa mkono.

Akaenda kwa Bi Nshoma. Mkuu hakushangaa kama alivyotarajia. Alisema aliwahi kusikia habari za watu wa mgongoni, huko kwenye kilele kinachoyatenga mabonde mawili. Zamani waliwahi kuomba mgao. Kamati ya Rukwa iliwaambia wao ni wa Usangu, na kamati ya Usangu ikawaambia ni wa Rukwa, baadaye hawakusikika tena, na mtu asiyelalamika huhesabiwa ameshiba. Kisha akaongeza lililo zito zaidi. Programu inayokuja na skrini kubwa inagawa mvua kwa kila nchi inayoionyesha. Wakichukua ile kubwa, mgongo utaingia kwenye mgao, na mabonde yote mawili yatapunguziwa. Wakichukua mbili, mambo yatabaki yalivyokuwa.

"Kwa hiyo nichague nini?" Lusungu akauliza.

"Ijumaa nataka skrini, Lusungu. Sikukuomba milima."

*

Lusungu alikwenda mwenyewe huko mgongoni. Gari la kituo lilimfikisha mwisho wa barabara, na kutoka hapo alipanda kwa miguu kijia cha mawe huku baridi ikimwingia kwenye mikono ya sweta. Alikuwa amejiandaa kukuta jangwa: watu waliokondeana, mifugo iliyokufa njiani. Alikuwa hata ameyapanga maneno ya kuomba radhi.

Alichokikuta kilimvuruga. Kijiji chenyewe, Itimbo, kilikuwa kimesimama imara. Kwenye kila mteremko kulikuwa na nyavu ndefu zilizotundikwa kwenye nguzo, na ukungu ulikuwa ukipita ndani yake na kuacha matone, na matone yakishuka kwenye mifereji ya mianzi hadi kwenye mapipa. Vile viwanja vyeupe alivyoviona kwenye skrini vilikuwa maua ya pareto, yaliyotandazwa juu ya mikeka yakauke.

Mwenye nyumba ya kwanza alikuwa Hezroni Mwashilindi, mtu wa makamo, mrefu, mwenye kofia ya sufu aliyoivuta hadi kwenye nyusi. Alimkaribisha kiti nje, akasikiliza habari yote ya fremu bila kumkatiza. Lusungu alipomaliza, Hezroni alitabasamu kama mtu aliyesomewa barua iliyochelewa.

Alisema wao walishajua zamani kwamba mawingu yanagawanyikia pale. Waliyaona yakifika, yakasimama, yakapasuka, nusu ikaenda huku na nusu kule. Walichojifunza ni kwamba wingu likipasuliwa huacha vumbi lake, na vumbi la wingu ni ukungu. Ndipo wakaanza kufuma nyavu. Shemeji yake anaishi Usangu, ana mkataba na ana mvua, lakini hupanda mbegu anayoambiwa, siku anayoambiwa, na akichelewa anahesabiwa kosa. Hapa hakuna anayewaambia kitu.

"Mkianza kutunyeshea, mama, ukungu utakwisha, na pareto zitaoza mikekani," alisema. "Tumeishi kwa sababu hamkutuona. Nakuomba urudi ukaseme hukuona kitu."

Lusungu alikuja kukiri kosa, na aliyekosewa anamwomba aendelee nalo. Alijaribu kuuliza kama wote kijijini wanaona hivyo, Hezroni akajibu kwamba wote ni kitu kimoja, kisha akainuka kwenda kugeuza maua kabla jua halijapotea.

Mkewe, Mama Tusekile, alikuwa jikoni akimenya viazi. Alimwita Lusungu aingie apate moto. Alikuwa akimenya na kutumbukiza, kumenya na kutumbukiza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama mumewe amemweleza habari za kiangazi.

Lusungu akasema hapana.

"Nyavu hizo ni nzuri ukungu ukiwepo. Kuna miezi haupo. Wanaume wanakaa wanazifuma upya, nasi tunashuka bondeni na ndoo." Aliweka kisu chini. "Mwaka juzi nilikuwa na mimba kubwa. Niliteleza kule chini, mtoto akatoka amekwisha kufa. Baba Tusekile anajua niliteleza. Hajui kwamba siku ile nilikuwa nashuka kwa mara ya pili, kwa sababu maji ya kwanza alikuwa ameyatumia kuoshea nyavu."

Lusungu aliuliza kwa nini hakumwambia.

"Ili iweje? Zile nyavu ndizo fahari yake. Mimi nataka mvua inyeshe juu ya paa langu, basi. Maua yataota mengine."

Kabla hajamruhusu aondoke, Mama Tusekile alimshika mkono, akamwomba maneno yale yabaki jikoni. Lusungu akamwahidi. Alishuka mlima akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyopanda. Alidhani anakwenda kuchagua baina ya mabonde mawili na watu wa mgongoni. Sasa hata nyumba moja tu ya mgongoni ilikuwa imepasuka vipande viwili, kila kipande kinamwomba kinyume cha mwenzake.

*

Alhamisi mchana wingu likatokea magharibi. Lilikuwa la kwanza kubwa msimu ule, zito, tumbo lake jeusi. Asheri alikuwa ameacha skrini zote mezani, zile mbili za zamani pembeni na hiyo kubwa katikati, ili Lusungu alinganishe. Simu zilianza kulia wakati uleule. Usangu walikuwa wameshamwaga mbegu za mpunga kwenye vitalu na walitaka kujua wanaletewa lini. Rukwa walisema hilo ni lao, limepita juu ya ziwa lao.

Lusungu alitazama zile skrini mbili. Pale kila kitu kilikuwa chepesi. Macho yakienda kushoto yalikuta Rukwa peke yake na shida zake. Yakienda kulia, Usangu peke yake. Katikati palikuwa peusi, pamenyamaza. Mkono wake ulijua la kufanya bila yeye kuuambia. Akahisi kutamani kurudi pale, kama mtu anavyotamani kitanda.

Kisha akatazama ile kubwa, na wingu lilikuwa likiingia juu ya Itimbo. Mikeka ya Hezroni ilionekana, myeupe juu ya kijani. Programu ilikuwa imeshaandika pembeni mgao wake: kidogo Rukwa, kidogo Usangu, kidogo mgongoni, kama mama anayegawa ugali kwa macho. Ilichongoja ni yeye kuthibitisha.

Asheri, aliyesimama nyuma yake, alimkumbusha kwamba anaweza kulikataa pendekezo la programu, akasukuma kama zamani. Lusungu akamwuliza yeye angefanya nini.

"Mimi ni fundi, dada," akasema Asheri. "Nikishaiwasha, nimemaliza."

Alimfikiria Hezroni aliyemwomba kwa adabu. Alimfikiria mkewe aliyeomba kwa siri. Aliwaza pia vitalu vya watu wa Usangu ambao hawajamkosea yeyote, na hao nao wana wake na watoto na njia za kuteleza ambazo yeye hakuwahi kupanda kuziona. Kila alipodhani ameshika uzi mmoja, uliishia kwenye fundo jingine. Wingu lilikuwa halingoji. Likikaa pale bila kuongozwa lingemwaga lote juu ya miamba, likapotea bure kwa kila mtu.

Akathibitisha.

Mvua ilinyesha Itimbo kwa kitambo kisichokuwa kirefu. Kwenye skrini ilionekana kama kivuli cha kijivu kilichopita na kuondoka, na kilipoondoka viwanja vyeupe vilikuwa vimegeuka rangi ya udongo. Watu wadogo kama punje walikuwa wakikimbia huku na huku, naye hakuweza kutambua kama wanakimbilia mikeka au ndoo.

*

Kesho yake, kabla Bi Nshoma hajamwita, waliingia watu wawili chumbani, na waongoza mvua wote wakageuza vichwa. Hezroni alikuwa mbele amebeba gunia begani. Mkewe alikuwa nyuma yake, amejifunga khanga kichwani. Hezroni alilitua gunia juu ya meza, akalifungua. Maua yalikuwa yamevunda, na harufu kali ikajaa chumba kizima.

Hakupandisha sauti. Alisema kwamba alimpa Lusungu kiti nyumbani kwake, alimweleza kila kitu, naye akamwomba jambo moja tu. Sasa amekuja kuuliza nani aliyeamua.

Lusungu alimwona Mama Tusekile akiitazama sakafu. Akakumbuka ahadi. "Niliamua mimi, baba," akasema.

"Kwa shauri la nani?"

"Langu mwenyewe."

"Ulikuja kwangu mara moja, ukakaa muda wa kunywa kikombe cha chai, ukaondoka unajua kinachotufaa kuliko sisi?"

Maneno yalikuwa ya haki, na Lusungu hakuwa na pa kuyakwepa. Angeweza kuyakinga kwa sentensi moja tu, nayo haikuwa yake. Nyamizi kwenye meza ya jirani alikuwa ameacha kazi. Bi Nshoma alikuwa amesimama mlangoni kwake, naye hakusogea.

"Mwache," akasema Mama Tusekile. "Mimi ndiye niliyemwomba."

Hezroni akageuka. Mkewe hakuinua macho, lakini alisema yote, pale pale, mbele ya watu asiowajua: ndoo ya kwanza, nyavu zilizooshwa, safari ya pili, mteremko. Alisema polepole, kama anayemenya kitu, na alipomaliza alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

Hezroni akavuta kiti cha Lusungu bila kuomba, akaketi mbele ya ile skrini kubwa, akawa anaitazama. Aliuliza nyumba yake ni ipi. Lusungu akamwonyesha. Akauliza njia ya bondeni ni ipi, na Lusungu akamwonyesha kijia chembamba kinachoshuka kando ya jabali hadi kwenye kijito. Hezroni akaweka kidole juu ya paa lake, akakishusha taratibu kwenye njia ile mpaka chini, akakipandisha tena mpaka juu. Halafu akarudia kushuka.

"Ni mbali," akasema, kama aliyesikia habari mpya.

Bi Nshoma alikohoa, akamwuliza Lusungu kwa upole usio wa kawaida yake ameamuaje kuhusu skrini, maana waletaji wanangoja jibu. Lusungu akajibu ni hii kubwa. Bi Nshoma akataka sababu, kwa kuwa mabonde yote mawili yameshapiga simu asubuhi, na wakubwa nao watataka kuelezwa. Lusungu alisema sababu anayo nusu tu. Hajui kama ni haki. Anajua kwamba na zile mbili atafanya kazi vizuri zaidi, shingo itamuuma kidogo tu, na atalala usingizi, kwa kuwa hataona kilicho nyuma ya fremu. Zaidi ya hapo hakuweza kueleza, na Bi Nshoma, baada ya kumtazama kitambo, akasema atajua la kuandika.

Asheri akaanza kuchomoa nyaya za skrini za zamani.

Mtu na mkewe walikuwa wamehamia kwenye kona, wanasemezana kwa Kisafwa kwa sauti ya chini. Lusungu hakukielewa Kisafwa vizuri, lakini alisikia neno la nyavu likitajwa mara nyingi, na neno la mvua, na mara moja akamsikia Mama Tusekile akikataa jambo kwa nguvu, na Hezroni akilirudia kwa namna nyingine. Hawakuwa wamepatana wala hawakuwa wakigombana. Ilikuwa kama watu wanaojaribu kubeba kabati kulipitisha mlango mwembamba.

Simu ya Rukwa ikalia. Nyamizi akanyoosha kidole kuelekea kwenye skrini. Kutoka magharibi, juu ya ziwa, wingu jingine lilikuwa linakuja, dogo kuliko la jana, na programu ilikuwa tayari imeshaandika mgao wake pembeni ikingoja kuthibitishwa.

Lusungu alishika usukani. Kisha akauachia, akavuta kiti cha pili na cha tatu kutoka meza za jirani, akavipanga mbele ya skrini, akawageukia wale wawili kule kwenye kona.

"Samahanini," akasema. "Hili linafika kwenu baada ya muda mfupi. Njooni mkae, mniambie."

Wote wawili wakalitazama lile wingu. Hezroni akafungua mdomo, akaufunga, akamtazama mkewe aseme kwanza.